Mkereza Miguu na Taa Mpya

Kwa wiki tatu hakuna aliyeigusa mashine ya kukereza mbao. Haikuwa imeharibika, wala hakuna aliyekatazwa. Ilikaa kwenye kona yake mkanda umelegezwa, patasi sita zimepangwa kwa urefu, na kila aliyepita na mbao begani aliizunguka kwa mbali kidogo, kama watu wanavyokizunguka kiti cha mtu aliyetoka nje mara moja. Karakana ilikuwa na kelele zake za kila siku, msumeno, randa, nyundo. Lakini ule mlio mwembamba wa patasi ikichuna mti unaozunguka, ambao watu walishauzoea hata wakaacha kuusikia, sasa ulisikika kwa kukosekana.

Aliyekuwa akiiendesha aliitwa Miguu. Miguu yake mwenyewe ilikuwa ya kawaida tu. Jina lilitokana na miguu ya meza, viti na vitanda aliyoikereza pale kwa miaka ishirini na minane. Mgeni akiuliza, Mama Vanishi, ambaye kazi yake ilikuwa kupaka samani rangi ya mwisho na ambaye ulimi wake haukuwa na breki, alimjibu: "Huyu ana miguu elfu kumi na hajafika popote." Miguu alicheka kuliko wote.

Fahari yake ilikuwa moja. Mguu wa kwanza wa meza aliupima. Mitatu iliyofuata aliikereza kwa jicho tu, ule wa kwanza ukiwa umesimamishwa mbele yake, na ikitoka mashineni hungejua upi ulitangulia. Vijana na wazee wa karakana walileta wateja kumwangalia. Alijifanya hawaoni, lakini siku hizo alikuwa akivaa shati safi.

Kisha, miaka mitatu kabla ya mambo haya, kitanda kimoja kilirudishwa. Mguu mmoja ulikuwa na kiuno chembamba kuliko wenzake. Miguu aliushika, akaugeuza, akainua kidole juu.

"Taa zenyewe hizo," alisema. "Mtu ataonaje?"

Hakuna aliyembishia, maana taa zilikuwa balaa. Zilikuwa zile za mirija mirefu, fremu ishirini na nne juu ya vichwa vyao, nyingi zimeungua ncha zikawa nyeusi. Zingine zilipepesa kutwa nzima. Zote zilivuma, kwa sababu ya choki, kile kichuma kizito kilichofichwa ndani ya fremu, mvumo wa nyuki waliofungiwa kabatini. Aliyejikata kidole alilaumu taa. Aliyeumwa kichwa alilaumu taa. Kiti kiliporudishwa, kisha meza, lawama ilipanda moja kwa moja darini, na Miguu akaendelea na kazi. Kwenye kila kikao alisimama kusema neno lile lile: Bosi, tubadilishie taa.

Bosi alikuwa mtu wa kufunga kila kilichovunjika kwa waya. Alikubali shingo upande, na kazi ikapewa shemeji yake Miguu, mdogo wa mkewe, fundi umeme mwenye ngazi yake na maneno yake. Alikuja Jumamosi, umeme ukazimwa, akaanza safu ya kwanza. Fremu zilibaki zile zile. Alichokifanya ni kuifungua kila moja, kung'oa choki na stata, kile kikopo kidogo cha kuwashia mrija, na kuunga nyaya upya ili umeme uende moja kwa moja kwenye mrija mpya wa LED. Akimaliza alibandika karatasi kwenye fremu: mrija wa zamani usiwekwe hapa. Choki alizitupa kwenye kreti moja, nzito kama matofali.

Jumapili Miguu alikuja kumshikia ngazi, ingawa haikuwa siku yake ya kazi.

"Shemeji, usiniangushie hilo dude kichwani. Dada yako bado ananihitaji."

"Anakuhitaji wapi? Aliniambia nikuangushie mawili."

"Basi chagua mazito. Na kona yangu uifanye vizuri. Mimi ndiye niliyezipigia kelele hizi taa."

Alisema hivyo mara tatu siku ile. Shemeji alidhani ni utani.

Jumatatu asubuhi wote walikusanyika, na shemeji akabonyeza swichi. Kitu cha kwanza kilichowashtua kilikuwa ukimya. Ule mvumo haukuwepo, hata mmoja wao akasema umeme umekatika huku taa zinamwakia usoni. Kisha wakapiga kelele. Utando wa buibui ulionekana, misumari iliyopotea ilionekana sakafuni.

"Mungu wangu, kumbe tulikuwa tunaishi pangoni!" Mama Vanishi alisema. "Bosi, na hizo mvi? Zimekuja na taa?"

"Hizo nilikuwa nazo. Wewe ndiye hukuziona."

Miguu alikuwa amesimama kwenye kona yake, uso ameuinua juu. Alicheka na wenzake, lakini alichelewa kidogo.

Saa nne alimwita shemeji yake. "Huku kwangu umeweka zile dhaifu."

"Zote ni za katoni moja."

"Basi kuna kosa. Angalia tena."

Shemeji alipanda, akakagua nyaya, akapima umeme, hakuona kosa. Ili kumridhisha alibadilisha mirija ya kona ile na ile ya safu iliyo karibu na ofisi ya Bosi. Miguu akasema bado. Shemeji akaongeza fremu nyingine juu ya mashine, yenye mirija miwili, mpaka mtu wa msumeno wa jirani akajikinga macho kwa mkono na kuuliza kama wanataka kuanika nguo.

"Sasa je?"

"Afadhali kidogo," Miguu alisema, akawasha mashine.

Shemeji hakushuka mara moja. Kutoka juu ya ngazi, chini ya mwanga ambao usingemficha hata sisimizi, alimwona mwanamume akifanya kazi aliyoifanya maisha yake yote. Aliona kichwa kimeinamishwa upande, kama ndege anayechungulia. Aliona mkono wa kushoto ukiifuata patasi, ukiikosa kwa nusu ya kiganja, ukitembea juu ya ubao wa kuwekea zana mpaka ukaipata. Aliona kidole gumba kikisogezwa kwenye mti unaozunguka ili kupima kiuno chake, mahali ambapo zamani hakikuhitajika. Kilipita karibu sana na makali.

Alishuka, akazima mashine mwenyewe. Miguu hakumgombeza. Shemeji aliweka testa yake, bisibisi ya kupimia umeme, kwenye ubao, upande wa kushoto, karibu na mkono wa Miguu.

"Nipe hiyo testa, shemeji."

"Ipi?"

Ilikuwa pale, nyekundu, umbali wa kidole kimoja. Msumeno wa jirani ulikata ubao mzima, ukanyamaza.

"Taa hazina kosa," shemeji alisema polepole.

"Najua."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu ulipowasha." Alijifuta mikono kwenye suruali. "Wote mlisema eeh. Mimi nikawa nasubiri. Nikasema labda zinachelewa kuwaka huku kwangu."

Hakuwa amemdanganya mtu. Hilo ndilo lililomuumiza shemeji baadaye, alipokuwa akimsimulia dada yake. Miaka mitatu Miguu aliamini kwamba kinachomnyang'anya mguu wa nne wa meza kiko juu ya dari, na kwamba siku moja mtu atapanda ngazi akitoe. Karakana nzima ilimsaidia kuamini. Taa mbovu zilikuwa zimemhifadhia jicho lake la zamani, na yeye mwenyewe ndiye aliyeomba ziondolewe.

"Usimwambie dada yako."

"Nitamwambia."

"Basi usimwambie Bosi. Akinitoa kwenye mashine nitakuwa nani hapa?"

"Bosi utamwambia wewe. Shemeji, nimekiona kidole chako. Nikuache ukikate, kisha nimwambie dada kwamba nilikuwa juu ya ngazi natazama?"

Miguu alilegeza mkanda wa mashine, akapanga patasi kwa kuzipapasa, fupi hadi ndefu, akaenda ofisini. Mlango ulikuwa wazi na kila mtu alimsikia.

"Bosi, taa ni nzuri. Mimi ndiye sioni."

Bosi alimtazama, akatazama dari. Mwishowe akasema, "Kaa kwanza," akamsogezea kiti ambacho Miguu mwenyewe alikikereza.

Hospitalini alikwenda na mkewe. Daktari alisema ni presha ya macho, ugonjwa unaokula mwanga kutoka pembeni taratibu, bila maumivu, hata mwenyewe asijue. Kilichopotea hakitarudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone, asubuhi na jioni, bila kuruka hata siku moja. Kuhusu mashine inayozunguka alisema hapana, na aliposihiwa akasema tena hapana. Mkewe alitoka nje ya chumba akajifanya anatafuta leso.

Wiki zile tatu Miguu alikaa nyumbani akimpangia mkewe sufuria, mpaka mkewe akamwomba aache. Aliyemrudisha ni Mama Vanishi. Chini ya mwanga mpya kila mkwaruzo ulionekana baada ya vanishi, na yeye ndiye aliyetukanwa na wateja. Siku moja aligonga mlangoni kwa Miguu na mguu wa meza mkononi.

"Pitisha vidole hapa. Niambie ni laini?"

Miguu alipitisha mara moja. "Hapa, na hapa. Na upande huu mmeusahau kabisa. Nani amefanya ujinga huu?"

"Ndiyo maana nimekuja, mzee. Macho tunayo, yote mazima. Hatuna vidole."

Mashine ya kukereza alipewa mtu wa msumeno, ambaye hupima miguu yote minne. Miguu yuko chumba cha msasa, mlango wa pili baada ya stoo, Jumatatu hadi Alhamisi, akipapasa kila kipande kabla hakijafika kwa Mama Vanishi. Ijumaa huenda kliniki ya macho na mkewe.