Mapigo kwenye Chuma cha Kitanda

Mwanangu, siku moja haijanitoka kichwani, na kwa kuwa kesho unaachiwa chumba cha altrasaundi peke yako, nataka uingie nayo.

Ilikuwa wakati wa korona, hapa Arua. Sikuwa kijana tena, lakini ujinga hauna umri. Tulikuwa tumebadilisha kazi yote: madirisha wazi, kichwa cha mashine tunakivika plastiki, wasindikizaji wanabaki nje, maneno machache ili pumzi zisizunguke. Mimi nikazidisha, nikaacha kabisa kusema. Niliogopa, sikufichi. Nyumbani Awindiri nilikuwa na mama mgonjwa wa kifua.

Akaja mwanamke kutoka Koboko. Mimba mbili zilikuwa zimemharibikia, na huyu wa tatu hakuwa amecheza tangu jana. Nikapima, nikaona moyo unadunda vizuri, nikampelekea mkunga karatasi, nikamwonyesha mama mlango kwa mkono. Nikajisifu kwa wepesi wangu, nimesahau kwamba haraka haraka haina baraka.

Punde akaingia Mama Zubeda, mkunga wetu mzee, Mnubi asiyepoteza maneno.

"Ile mama ya Koboko iko kwa geti," akasema. "Iko nagawia watu nguo ya mutoto. Anasema wewe naangalia, nanyamaza. Mutoto amekufa?"

"Iko mzima," nikajibu.

"Sasa mbona hukuambia yeye? Barakoa nafunga mdomo. Mkono nani alifunga?"

Wahenga husema kimya kingi kina mshindo. Changu kilimwangukia mama wa watu. Nilimkuta getini amebakiwa na kofia moja ya sufu. Aibu ile sikuombei. Nikamrudisha, nikamgeuzia kioo cha mashine, na kwa kidole chenye glavu nikagonga chuma cha kitanda, mbiombio, sawasawa na moyo aliokuwa akiuona. Akashika chuma kile. Akalia, nami nikalia ndani ya barakoa.

Nilitaka tukazidai zile nguo. Akakataa. "Wacha wavae," akasema. "Wangu, kofia inatosha."

Tangu hapo nilimgongea kila mama, hata barakoa zilipovuliwa.

Basi shika hili, mwanangu: jilinde, mlinde mgonjwa, ila asitoke kwako akikisia. Na siku moyo haupo, usijifiche nyuma ya mashine. Vuta kiti, umwambie taratibu, ukae naye.

Nenda. Mungu akukinge na maradhi, akupe subira, na kidole chako kisikose mapigo ya kugonga.