Mkono Niliompa Mama wa Mbwera

Usiponiamini sitagombana nawe, nimechoka kuapa. Lakini yalinipata mimi mwenyewe, hapa bandarini Nyamisati, mchana kweupe.

Walikuja wasanii kutoka Dar es Salaam na banda la turubai jeusi, wakalisimamisha karibu na pale abiria wanapongojea boti ya Mafia. Ndani mlikuwa na skrini kubwa na vibao viwili vya chuma. Wanaingia watu wawili wasiojuana, kila mmoja anaweka kiganja kwenye kibao chake, kisha wanashikana kwa mikono iliyobaki. Wakishikana tu, skrini inajaa samaki wa rangi. Wakiachiana, giza. Mtu peke yake hawezi kuiwasha. Mimi niliajiriwa kuelekeza watu: wanaume kwa wanaume, wanawake kwa wanawake, maana huku kwetu ndivyo ilivyo.

Siku hiyo nilisimama tangu asubuhi, miguu imevimba. Boti ilishaondoka, alasiri imeshaadhiniwa, nami nafunga turubai. Akatokea mama mmoja wa makamo, kanga zimemlowa hadi kiunoni. Nikamwamkia. Akasema anatoka Mbwera, kule deltani, naye anataka kujaribu. Nikamwambia hana mwenzake, arudi kesho.

"Si upo wewe, mwanangu?"

Ungekuwa wewe ungekataa? Sote wanawake, nikaweka kiganja cha kulia kwenye kibao, naye chake, nikampa mkono wa kushoto. Wallahi, baridi ile si ya maji wala ya barafu. Samaki wakajaa, wengi kuliko siku zote. Mama analia bila sauti. Nikataka kujitoa, akanibana.

"Ngoja kidogo," akasema. "Siku nyingi sijashikwa."

Mara Saidi, fundi wa mitambo, akachungulia, akaniuliza nimeiwashaje peke yangu. Nikageuka nimwonyeshe mama. Hakuna mtu. Mkono wangu umening'inia hewani, na samaki bado wanaogelea. Saidi naye aliwaona, muulize. Aliacha nyaya zake chini akatoka, na hakuingia tena mle bila mtu wa kumsindikiza.

Nyumbani nilimsimulia mama yangu, ambaye kwao ni Mbwera. Akaniuliza zile kanga zilikuwa za rangi gani. Nilipomtajia akakaa kitako, akasema huyo alimjua. Mtumbwi wake ulipinduka kwenye mkondo zamani, mimi sijazaliwa. Mtumbwi mwingine ulipita karibu kabisa, akawanyooshea mkono. Wote waliokuwemo walikuwa wameshikilia mizigo yao, akazama.

Tangu hapo mkono huu wa kushoto haujapata joto. Nimesomewa dua. Hospitali Kibiti wakaniambia damu inapita vizuri, nipumzike. Saidi aliniomba nijaribu mtambo na dada mmoja wa Dimani. Tulishikana mpaka tukatokwa jasho, skrini haikuwaka. Kazi nikaiacha. Mwanangu mchanga nikimgusa kwa mkono huu anashtuka na kulia, kwa hiyo namwogesha kwa ule wa kulia tu, na usiku nalala nimemgeuzia mgongo.

Watu huniuliza kama najuta. Yule mama nilimwonea huruma, na bado namwonea.

Ila wewe unayenisikiliza, nakuasa: mtu akikunyooshea mkono angali hai, tupa mzigo umshike. Ukimnyima, atakuja kuutafuta kwa mwingine asiyehusika, na akiuachia hautakuwa kama alivyoukuta.