Salamu Isiyoitikiwa

Dada yangu Recho aliolewa Bangwe akitokea kwetu Kalinzi, juu kwenye kahawa, na alishuka ziwani na tabia moja ambayo watu wa huku wameicheka miaka mingi. Anasalimia kama bibi zetu. Anasimama mlangoni kwako, anainama kidogo, anapiga makofi polepole na kusema, "Mwakeye," kisha ananyamaza. Usipoitikia haondoki, wala haanzi habari yake. Kwetu, ukitaja shida yako kabla mwenzako hajaitikia, umemdharau.

Aliyemtania kuliko wote ni jirani yake, Mama Kuruthumu, Mmanyema wa Ujiji aliyekuwa akiuza vitumbua kibarazani. "We Muha," atamwambia, "utapiga makofi mpaka chai ipoe." Halafu naye anapiga ya kwake kwa mbwembwe, mabega yakicheza. Wote wawili ni wajane. Sikukuu ya Idi Recho analetewa pilau, na Krismasi sahani inarudi na nyama. Hakuna aliyewahi kuuliza nani anaswali wapi.

Mimi naishi ua mmoja na dada. Mimi si mtu wa kusimama mbele za watu, na kanisani nakaa benchi la nyuma. Lakini jambo hili nisipoliandika, litaendelea kusimuliwa vile wanavyotaka wenzangu wa kanisani.

Alikuja kwenye kanisa letu mwinjilisti mmoja, Bariki, kufundisha wiki nzima namna ya kuisikia sauti ya Mungu. Dada alifurahi sana. Tangu alipookoka alikuwa na huzuni moja: wenzake wanasema Mungu ameniambia hivi, Mungu amenionyesha vile, na yeye hajawahi kuambiwa kitu. Akawa anawahi kufunga kazi yake ya dagaa ili asikose kipindi.

Yakawa mafundisho ya kelele. Watu walifundishwa kufumba macho na kutamka kinachowajia kwanza, upesi, kabla akili haijaingilia. Mmoja alimwona simba, mwingine akaona ndege ya shemeji yake. Zamu ya Recho ilipofika, akasema bado anangoja. Mwinjilisti akashika kipaza sauti, akawaambia watu kwamba dada huyu ana masikio ya dagaa. Wakacheka. Dada naye akacheka, lakini alipofika nyumbani hakula.

Kesho yake asubuhi alitoka mwaloni, wavuvi wanakoshusha samaki, na ndoo ya dagaa kichwani, akipeleka kwenye vichanja vyake vya kukaushia. Njia inapita mlangoni kwa Kuruthumu. Akasimama, akainama kwa tahadhari ya ndoo, akapiga makofi. Kimya. Mlango ulikuwa wazi kidogo na jiko la mkaa halijawashwa. Akasalimia tena. Jua lilikuwa limeshapanda, na dagaa hawasubiri. Akaondoka.

Alifika karibu na vichanja, akashindwa kwenda mbele. Alinieleza baadaye kwamba hakusikia neno lolote. Ni ile salamu tu ilikuwa imebaki hewani haina mwenyewe, ikimvuta. Akarudi, akatua ndoo kizingitini, akaingia bila ruhusa, jambo ambalo hajalifanya maishani. Kuruthumu alikuwa sakafuni kando ya kitanda, mdomo umekwenda upande, macho wazi.

Aliniita, tukampakia kwenye bajaji tukamkimbiza hospitali. Kiharusi. Tuliporudi kunguru walikuwa wamemaliza ile ndoo.

Alinusurika kufa, lakini aliruhusiwa kurudi nyumbani upande wa kulia ukiwa umelala na ulimi umefungwa. Mwanawe Swaibu anafanya kazi kwenye maboti ya mizigo yanayokwenda Kongo, hukaa huko majuma. Bintiye Shadya yuko Mpanda, ana mtoto mchanga. Mchana kutwa mtu wa kumgeuza, kumsafisha na kumlisha uji alikuwa Recho. Akimwacha, mama yule analala palepale kwenye uchafu wake mpaka jirani mwingine apate nafasi.

Ndipo Jumapili mwinjilisti Bariki akatangaza kwamba ameonyeshwa nyumba yenye pepo bubu hapa Bangwe, na kwamba kuna dada wa kanisa hili anayeingia humo. Hakutaja jina. Kila shingo ikageuka.

Keshokutwa yake akaja kwenye vichanja na mzee wetu wa kanisa, Elikana. Nilikuwa pale namsaidia dada kugeuza dagaa. Recho alijifuta mikono, akainama, akapiga makofi, akawasalimia. Mzee Elikana ni Muha wa kwetu kabisa. Akaitikia, makofi yake yakasikika kidogo. Mwinjilisti alikuwa anaangalia simu.

"Dada Recho, Bwana amesema nami juu yako," akaanza.

Recho akapiga makofi tena.

"Amesema utoke katika nyumba ile. Pepo lililomfunga ulimi litakurukia wewe na ukoo wako. Ukikaidi, hutasimama kwenye kwaya."

Dada akakubali kwamba salamu yake haitapata jibu. Akauliza polepole, "Aliposema nawe, mgonjwa alimtaja kwa jina gani?"

"Jina la nini? Yule mama bubu."

"Anaitwa Kuruthumu binti Chande. Mungu ninayemwomba anamjua. Huyo aliyekutuma kwangu hanisalimii, na jirani yangu hamjui jina."

"Unabishana na sauti ya Mungu?"

"Hapana, baba. Nabishana na wewe."

Nilimtazama Mzee Elikana nikitegemea aseme kitu. Anamfahamu Kuruthumu, amekula vitumbua vyake miaka mingi, vingine kwa mkopo. Akawa anatazama ziwani kama mtu aliyeona boti inazama. Hata leo nakikumbuka kichogo chake kile.

Wakamtoa kwenye kwaya. Sare yake ya kitenge ikafuatwa nyumbani, ikakunjwa ikapelekwa kwa mwingine. Kina mama wa kanisani waliokuwa wakimshikia zamu kwa mgonjwa wakaanza kuumwa viuno, mmoja baada ya mwingine. Aliyebaki naye ni Mwanvua, jirani wa nyumba ya nyuma, ambaye kanisa letu halimhusu. Wanaume wenye shati jeupe wanasimama na kusema Mungu amewaambia mwanamke mgonjwa aachwe anuke, na watu wazima wanaitikia amina. Huyo Mungu wao ni jirani wa namna gani?

Siku moja nilimkuta dada anamkanda Kuruthumu mguu kwa mafuta ya mawese. Nikamuuliza kama haogopi. Je, kama kweli ni Mungu aliyesema?

Akamgeuza mgonjwa ubavu. "Nilikuwa nangoja aniambie jambo kubwa," akasema. "Kumbe asubuhi ile aliniuliza swali dogo tu: mbona jirani yako hajaitikia? Na nadhani amekuwa akiniuliza vitu kama hivyo siku zote, nami nikidhani ni mawazo yangu."

Kila asubuhi aliendelea vilevile. Anasimama mlangoni, anapiga makofi, anangoja. Mtu hawezi kusema, yeye anangoja. Nilidhani ni ukaidi. Mpaka siku moja tukasikia kutoka kitandani kofi moja la mkono wa kushoto, likipigwa pajani. Dada ndipo akaingia. Kuanzia hapo wakawa wanasalimiana hivyo, yeye makofi mawili, mwenzake kofi na paja.

Mvua zilipokatika neno la kwanza likatoka, limepinda lakini linaeleweka. Recho alikuwa amechelewa na uji. Kuruthumu akamtazama akasema, "We Muha."

Habari ilifika kanisani kabla uji haujapoa. Bariki alikuwa ameshahamia mji mwingine, lakini Jumapili Mzee Elikana akasimama akatangaza kwamba lile pepo bubu lililofichuliwa na mtumishi limetoka, maombi yamejibiwa, sifa kwa Bwana. Watu wakashangilia. Walewale wa viuno. Kisha akamwita Recho mbele atoe ushuhuda, na akasema sare yake itarudishwa.

Dada alitoka benchi la nyuma, alikokuwa akikaa nami siku hizo. Alipofika mbele akawainamia, akapiga makofi, akangoja. Walizoea kuitikia kwa haleluya, wakachanganyikiwa. Kidogo kidogo wazee wa Kalinzi wakaitikia, kisha wengine, mpaka kanisa zima.

"Hakuna pepo lililotoka," akasema. "Mama Kuruthumu alikuwa mgonjwa. Alikuwa peke yake, nanyi mliambiwa aachwe mkakubali. Mimi nilimsalimia hakuitikia, nikarudi. Hayo tu ndiyo niliyosikia. Sare mwacheni nayo aliyepewa."

Mzee Elikana akasema, "Dada, malizia basi kwa kumshukuru Bwana."

"Namshukuru huko," akasema Recho. "Saa ya uji imefika."

Akatoka. Nami nikainuka nikamfuata, katikati ya kanisa, watu wote wakinitazama. Alipofika mlangoni kwa Kuruthumu alisimama nje, akainama, akapiga makofi, na hakuingia mpaka alipoitikiwa.