Mawe ya Ukuta na Mihogo ya Mama Léa

Asubuhi ile walikunywa chai wakigombana, kama asubuhi nyingine zote.

Mzee Mwape alikuwa ametoka kuzunguka ukuta wa bwawa. Upande wa maji aliona pengo jipya. Mawe yametolewa, na udongo mwekundu umebaki wazi kama fizi za kibogoyo.

"Mama Léa, majiwe iko wapi?"

"Majiwe gani?" Agnès, mke wake, alikuwa anamimina chai, hakuinua uso.

"Ile ya ukuta."

"Na mimi njo unauliza? Uliza wale bageni bako ba brochette."

Lakini kitenge chake kilikuwa kinachuruzika maji, kimelowa mpaka mapajani.

Mwape akashusha pumzi. Mambo haya yalikuwa yamemchosha miaka na miaka.

Bonde lile liko nje ya Lubumbashi, kwenye barabara ya kwenda Kasomeno. Zamani kilikuwepo kijito tu, na kwenye kijito kulikuwa na shimo lenye kivuli ambamo wanawake walilowekea mihogo michungu mpaka ilainike. Kisha Patron Paulin, mtu wa mtaa wa Bel-Air kule mjini, akanunua bonde. Akasukuma udongo, akafunga kijito, maji yakajaa. Akajenga vibanda vya nyasi, akaleta mitumbwi ya kukanyaga kwa miguu. Jumapili, siku ya Mungu, watu wa mjini wanakuja kuogelea na kula brochette, mishikaki ya mbuzi. Yeye aliliita ziwa. Agnès aliliita dimbwi.

Ukuta wenyewe ni udongo mtupu. Ili mawimbi yasiule, Paulin alileta mawe kwa lori, akayapanga upande wa maji. Mwape akapewa kazi ya kuulinda, na nyumba kwenye ncha yake. Kukata majani, kufukuza mbuzi wa watu, kuangalia mawe yakae mahali pake. Basi.

Shimo la mihogo lilizama. Wanawake wengine wakaanza kuloweka kwenye mapipa. Agnès alikataa. Alisema muhogo wa pipa unanuka mazuti, mafuta ya lori, na yeye hajazaliwa kula mazuti. Akatia yake kwenye mifuko, akaiingiza ziwani nyuma ya matete. Sasa, muhogo ukianza kuchacha, mfuko unapanda juu. Lazima uugandamize na kitu kizito. Na bonde lote lile ni udongo, huokoti jiwe hata la kumtupia mbwa. Mawe yako ukutani tu.

Kwa hiyo mke anatoa, mume anarudisha. Anarudisha yale anayoyaona, mengine yanabaki chini ya maji.

Mvua ya mwaka jana iliingia kwenye pengo moja kama hilo, ikatafuna udongo. Paulin alikuja mbio.

"Mzee, nani anatoa haya majiwe?"

"Batoto ya bageni, Patron. Banachezea."

"Sikia muzuri. Maji ikipata kitundu, ukuta wote unaenda. Nikikuta tena jiwe limetoka, unafunga mizigo, wewe na mama."

Nyumba nyingine hawakuwa nayo. Mwape alimweleza Agnès hayo mara ngapi? Alimweleza kwa upole, akamweleza kwa kelele. Na asubuhi ile, kwenye chai, akamweleza tena.

"Tutalala wapi, Mama Léa? Juu ya mihogo?"

Agnès alisimama, mikono kiunoni, akamjibu. Mwape akapandwa na hasira hata akaacha chai yake nusu, akachukua panga, akaenda kukata majani.

Aliporudi mchana alimkuta ameketi, ameegemea ukuta wa jiko, beseni la sombe, majani ya muhogo, mapajani. Alidhani amesinzia. Akamsemesha kwa ukali kidogo, kisha akamgusa: alikuwa amepoa.

Kilio kilijaa nyumba. Kangwa, mdogo wa kike wa Agnès, alifika kutoka Kasomeno. Ikaja siku ya Mungu, na wageni wa ziwa nao wakaja, maana ziwa halina matanga. Paulin alizima muziki, hilo alifanya. Lakini baadaye akaja mlangoni na leso puani.

"Mzee, pole tena. Lakini bateja banalalamika. Muntu anaingia mu maji safi, anatoka ananuka. Kuko nini mule?"

Kangwa akainua kichwa. "Iko mihogo ya yaya," akasema, akimtaja dada yake, na katikati ya machozi akacheka. "Imepita siku zake. Niache niende nitoe."

"Kaa," Mwape akasema.

Kutoa mihogo majini ni kazi ya wanawake. Mwanaume akionekana nayo, kijiji kizima kitamwimba. Mwape akaingia na suruali yake ile ya kilio, maji yakamfika tumboni. Akashika mfuko wa kwanza. Muhogo ulikuwa umeyeyuka kabisa, ukampita vidoleni kama uji. Wageni wakakimbia na taulo zao. Chini ya mfuko kulikuwa na mawe. Chini ya mawe, mawe mengine, yenye utelezi wa miaka. Na yeye alidhani anayarudisha karibu yote!

Akaanza kuyabeba mpaka ukutani, moja moja. Paulin alikuwa amesimama pale na viatu vyake vya mjini, anaangalia.

"Mzee. Uliniambia ni batoto ya bageni."

"Niliambia."

"Kumbe ni mama."

"Njo yeye."

Mwape akangoja neno la nyumba. Paulin aliangalia pengo, akaangalia matete. Akainama, akaokota jiwe, akalikandamiza kwenye udongo kwa kisigino.

"Baki mu nyumba, mzee. Hakuna tena mwenye atatoa."

Mwape hakusema asante. Wangefukuzwa wote wawili Agnès akiwa hai, angalau angepata wa kugombana naye njiani.

"Lakini na wewe," Paulin akasema, "haukumukataza?"

"Kila siku. Hata asubuhi ya mwisho nilimukataza."

"Akasema nini?"

Mwape alikuwa amekumbatia jiwe la mwisho, maji yanamtiririka kifuani. Akaliweka chini, akashika kiuno kama alivyoshika Agnès.

"Alisema: 'Jiwe iko ya Patron, nimesikia. Basi leo mangaribi ukule jiwe.'"