Doa jeupe katika ramani ya mikoko ya Gazi

Maji yanakupwa na Mwanarusi Chande anaingia mikokoni, leso ameifunga kiunoni, tepu ya kupimia mkononi. Anaivuta kutoka kwenye kigingi mpaka kwenye shina la mkoko, anasoma namba kwa sauti, kisha anahamia mti wa pili. Matope yanamfika magotini.

Kwenye kijia anapita Twaiba, jirani yake, na kikapu cha chaza.

"Leo mnauza upande gani?" anauliza.

"Tunapima tu, dada."

"Hata kaburi hupimwa kwanza."

Mwanarusi anaivuta tepu mpaka mti unaofuata. Amezoea. Ana miaka thelathini na mbili, mama wa watoto watatu, na hapa Gazi wapo wanaoamini kwamba amewauza. Tangu fujo za mwaka 1997, watu wa bara waliposhambuliwa hapa Pwani, mtu na mgeni wake hawatazamwi kwa jicho jema, hasa mgeni akiwa ametoka bara na ana ramani. Mgeni wa Mwanarusi ni Musyoki, mtafiti kijana anayechunguza namna mikoko inavyoota, mahali ikisongamana, mahali ikitawanyika. Ujira anaomlipa Mwanarusi humtosha kwa unga, mafuta ya taa na sare za shule.

Kila mti unaopimwa huwa nukta moja katika kompyuta ya Musyoki, chumbani alikopanga Msambweni.

Mwezi uliopita Musyoki aliitandaza ramani yake ya kwanza mbele ya wanakijiji. Nukta zilijaa tele, lakini katikati palikuwa na doa jeupe lisilo na nukta hata moja. Watu walipatambua mara moja. Ni mzimuni, mahali pa heshima tangu enzi za mababu, na ndipo penye mikoko mikubwa kuliko yote.

Siku ile alikuwapo pia mtu kutoka Ukunda, aliyekuwa akiulizia mahali patupu kando ya hori la bahari ili ajenge gati la mashua za watalii. Aliitazama ramani kwa muda mrefu.

"Nikajua tumekwisha," anasema Twaiba. "Miti ipo, karatasi inasema haipo. Serikali itaamini nini? Karatasi."

Wanawake wa chaza wakaacha kumwita Mwanarusi. Harusi ya binti wa shangazi yake aliijua kwa kusikia ngoma.

Yeye naye alimshuku Musyoki. "Nilidhani ameifuta ile miti kusudi," anasema kwa sauti ya chini.

Alikwenda Msambweni kumwuliza. Twaiba akafuatana naye. "Sikutaka kuja kuletewa hadithi," anasema.

Musyoki aliwaamkia shikamoo, akawapa viti, lakini naye alikuwa na shaka yake. "Mimi sikufuta kitu, mama. Hapo hamkunipa nukta. Siku ile niliyougua nikawaachia kazi, niliuliza kama kipande kimekwisha kupimwa, mkaniambia ndiyo. Au mlitegea?"

Hawakutegea. Mzimuni hapaingizwi chuma wala kamba, na hapatajwi mbele ya mgeni. Mwanarusi na wapimaji wenzake walipita kando, wakaendelea ng'ambo ya pili, wakanyamaza. Musyoki naye akaipa kompyuta pembe nne za kipande kizima. Kompyuta haioni mikoko. Iliamini kwamba kila mahali ndani ya pembe zile palitazamwa, na pasipo na nukta ikahesabu kuwa hapana mti.

"Ilinibidi nimtajie," anasema Mwanarusi. "Nikamwambia, hapo si kwamba hapana miti. Hatukutazama."

Musyoki akasema dawa ipo. Mashine inaweza kuelezwa mpaka wa nje, na ndani yake ikaelezwa tundu, yaani sehemu isiyotazamwa.

"Tundu?" akadakia Twaiba. "Sasa mnachimba?"

"La, mama. Ni kuiambia mashine kwamba hapo isiseme neno."

Lakini tundu lazima liwe na mpaka, na mpaka lazima upimwe. Kesho yake walipazunguka mzimuni kwa nje, Twaiba mbele, akipaweka mkono wa kulia kama adabu ya mahali pale inavyotaka. Musyoki alipoingiza namba, alicheka. Mashine yake hutaka mpaka wa nje uzungushwe upande mmoja na wa tundu upande wa pili, tundu likiwa kuliani. Ndivyo walivyokwenda.

Twaiba hakucheka. "Nani aliiambia mashine?" anauliza mpaka leo.

Sasa ramani ina doa la kijivu badala ya jeupe, na chini yake imeandikwa kwamba pale hapakutazamwa. Twaiba anaona hatari nyingine. "Zamani hawakujua panapoanzia wala panapoishia. Sasa wana mpaka wake."

Mwanarusi amelifikiria hilo pia. Jumamosi baraza litalizungumzia ombi la gati. Hajawahi kusema mbele ya watu, lakini amepanga kusimama kabla ya Musyoki, na kabla ya yule wa Ukunda.

"Nitasema ni mimi niliyenyamaza," anasema. "Wakitaka kunicheka, wanicheke. Lakini wasijenge."

Twaiba anakitua kikapu chake chini.

"Nitakaa karibu yako," anamwambia. "Usifurahi. Nataka nisikie kila neno."