Nilivyooka shanga za plastiki kwa jiko la makaa, Shauri Moyo

Wakuu, habari zenu. Mimi ni mama mzee, haya yalinipata mwenyewe, na kwa umri huu sina haja ya kuongeza chumvi.

Miaka ya themanini tulikaa Shauri Moyo, chumba kimoja. Mume wangu Mutua alikuwa mchongaji wa vinyago. Siku moja tezo likateleza likamkata mkono wa kulia. Kidonda kilipona, lakini vidole vitatu havikukunjika tena.

Akaacha kuongea.

Anaamka, anakaa kitandani, anaangalia ukuta. Miezi. Mimi naenda kufua nguo za watu, narudi namkuta vile vile. Namvalisha, namkatia nyama. Nilichoka jamani, hata kulia nilichoka.

Mama mmoja mzungu niliyemfulia alikuwa anarudi kwao, akanipa boksi la udongo wa plastiki, wa rangi. Kwa wasioujua, unafinyanga shanga, unaoka, zinakuwa ngumu. Akaniambia, "Oven ya moto kidogo tu."

Oven? Mimi nilikuwa na jiko la makaa.

Nikatia mchanga kwa sufuria, nikapanga shanga juu yake, nikafunika, nikaweka makaa juu ya kifuniko kama tunavyooka keki. Nilifanya hayo chumbani, maana nje kulinyesha.

Zikaungua. Moshi mweusi, unakwaruza koo. Jirani yetu Mama Njeri akatoka mbio amemshika mamake, shosho mwenye kifua kibaya.

"Mama Mwende," akanifokea, "unataka kutuulia mzee?"

Niliomba msamaha mpaka sauti ikaisha. Shosho alikohoa hadi jioni. Hiyo aibu bado ninayo.

Kesho yake nikabeba jiko nje, uani. Nikaunguza tena. Nikakaa chini kwa simiti nikasema basi, natupa.

Mutua akatoka, akasimama mlangoni.

"Moto wako ni mwingi," akasema. "Hata mti ukiukausha haraka unapasuka."

Maneno mengi hivyo sikuwa nimeyasikia tangu aumie.

Nikapanga shanga nyingine. Akavuta kigoda, akashika koleo kwa mkono wa kushoto, akawa anatoa kaa moja moja, anapima joto kwa kiganja juu ya kifuniko. Mimi niliogopa kumkatiza. Tulipofunua, shanga zilikuwa nzima, nyekundu bado ni nyekundu.

Udongo uliisha mwezi huo huo, na Nairobi nzima sikupata mwingine. Hakurudi kuchonga. Alikuja kupata kazi ya kulinda geti huko Industrial Area mpaka alipostaafu. Lakini asubuhi baada ya zile shanga aliniuliza kama nimelala vizuri.

Funzo? Oka nje, moto mdogo, na sufuria hiyo usiitumie kupikia chakula tena.

Na ukiwa na mgonjwa aliyenyamaza, usimfanyie kila kitu. Mimi nilidhani ninamsaidia, kumbe nilikuwa namwambia kila siku kwamba amekwisha.

Wenye mmeishi na mtu kama huyo, nyinyi mlifanyaje? Semeni bila kunionea huruma.