Ua Lililokuja na Sweta

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Champlin, mji mdogo wa Marekani, mdogo wangu aliishi wiki kadhaa bila jina kwa sababu Nyanya alikataa. Alizaliwa Machi kabla ya siku zake, mdogo hata nikaogopa kumtazama ndani ya lile sanduku la kioo hospitalini. Nyanya, aliyetoka Kitui kuja kumsaidia Mama, alishikilia kwamba mtoto wa namna hiyo haitwi jina mpaka ua la kwanza lichanue kwenye ardhi kavu. Ukimwita mapema, anaondoka.

“Mama, huku watoto hupewa jina siku ile ile,” Baba alimwambia Nyanya.

“Na huku hawafi?”

Mimi nikajipa kazi ya kulitafuta ua hilo. Nilimletea Nyanya ua la zambarau kutoka bustani ya jirani, mbio mbio, nikihema. Aliligeuza, akanirudishia.

“Hili limepandwa na mtu. Nataka lililojiotea.”

Jumamosi moja ya Aprili, Baba alichoka na ubishi, akatuvusha mto hadi vilima vya mchanga upande wa mji wa Anoka. Nyasi za mwaka jana zilikuwa zimelala. Nyanya, ndani ya makoti mawili, ndiye aliyeliona: fupi, zambarau hafifu, peke yake. Baba akapekua kitabu cha maua, kikasema ni ua la asili la nyika hizi kavu, ambalo huchanua mapema, baridi ingalipo. Nyanya hakukingoja kitabu. Alikuwa ameshapiga magoti, akipapasa shina lililojaa nywele laini.

“Njoo uone,” akaniita. “Limekuja mapema, lakini limekuja na sweta lake. Kama ndugu yako.”

Kweli, mtoto yule alikuwa na nywele hizo hizo mabegani. Nilifurahi nikalia. Jioni ile Baba akamwita Mutua, yaani, kwa lugha ya kwetu, mwenye kukaa.

Najua leo kwamba madaktari na manesi ndio waliomwokoa. Mama, nesi mwenyewe, hachoki kutukumbusha. Lakini Nyanya alitupa kitu cha kutafuta wakati sote tulikuwa tunangoja simu mbaya kutoka hospitalini, na kwa hilo namshukuru mpaka leo.

Mwaka huu Mutua ndiye aliyeendesha gari kwenda kwenye vilima vile, na leseni yake mpya na maringo yake. Alichuchumaa, akaligusa shina la ua kama lile kwa kidole kimoja.

“Ati nilikuwa hivi?”

“Hivi hivi,” nikamwambia. “Na Baba, na ubishi wake wote, hakuthubutu kukuita jina mpaka ua lilipoonekana.”